Kisu cha Kukatia Mchicha

Keko, Dar es Salaam
3 Februari 1974

Shemeji Rosalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Sisi huku hatujambo, mimi na mdogo wako. Adelina anakusalimu sana. Anauliza mimba inaendeleaje, na kama masista wamekutoa jikoni kama walivyoahidi, maana anakujua, ukiambiwa pumzika ndiyo kwanza unabeba sufuria.

Leo nakuandikia mimi, usishtuke. Nina jambo langu dogo. Nataka kununua kisu cha jikoni.

Najua utacheka. Mie ni seremala miaka kumi na tatu. Patasi naijua, randa naijua, msumeno naweza kuutia meno nimefumba macho. Lakini juzi nilisimama Kariakoo mbele ya meza ya visu nikawa kama mgeni wa mji. Kuna vifupi, kuna virefu, kuna vipana nusu ya panga. Muuzaji akaniuliza, "Cha kukatia nini?" Nikamwambia cha kupikia nyumbani. Akasema, "Vyote hivi ni vya kupikia nyumbani, braza." Nikaondoka mikono mitupu.

Kile cha Adelina kimenolewa mpaka kimebaki kama unyasi. Ukikibana kwenye kitunguu kinapinda. Ninataka kinachoweza kukata mchicha mwembamba kabisa, kama nyuzi, na nyama pia ikiwezekana. Wewe umepika kwa masista miaka kumi na tano, sina mwingine wa kumuuliza. Niambie nitazame nini.

Tafadhali ukimwandikia Adelina usimtajie. Nataka asijue mpaka kifike.

Msalimie mwanyumba wangu Kasiani.

Ni mimi shemeji yako,
Alfonsi


Misheni, karibu na Masasi
19 Februari 1974

Shemeji Alfonsi,

Milele amina. Marahaba.

Barua yako nimeicheka mpaka Kasiani akaja kuuliza nani amekuja. Nikamwambia kuna mwanaume Dar es Salaam anamnunulia mkewe kisu bila kuombwa. Akasema huyo anataka kitu. Nikamwambia na wewe uwe unataka kitu basi.

Sasa sikiliza, maana kununua kisu si kununua kiberiti.

Usikitazame kwanza. Kishike. Laza kidole chako chini ya kisu pale chuma kinapokutana na mpini. Kikitulia, kisiangukie mbele wala nyuma, hicho kimekaa sawa na hakitamchosha mkono. Halafu tazama mpini. Chuma kipite ndani ya mti mpaka mwisho, na misumari yake uione kwa macho. Vile vilivyochomekwa nusu, siku ya kukata boga unabaki umeshika mti. Bapa liwe pana, vidole vitatu, la sivyo vifundo vya mkono vitagonga ubao kila anapokata. Na makali yasinyooke kama rula. Yawe na tumbo kidogo kuelekea nchani, ili kisu kibembee, ncha isitoke kwenye ubao. Mchicha mwembamba haupatikani kwa nguvu, unapatikana kwa kubembeza.

Urefu: shibiri moja na vidole viwili, lakini pima kwa mkono wa Adelina, siyo kwa hayo makoleo yako. Vinavyong'aa kama kioo achana navyo, havishiki makali. Chukua chuma cheusi, kile kinachoota kutu ukikisahau kwenye maji. Hicho kinanoleka. Ukitaka kukijaribu nenda na nyanya iliyoiva mfukoni. Kisu cha kweli kinaingia kwenye ngozi ya nyanya bila kuikandamiza. Muuzaji akikataa nyanya yako, kisu chake kibovu.

Mimi masista wamenitoa jikoni tangu Januari. Mimba ina miezi mitano na siku zake, haijawahi kufika hapa. Wale wanne waliotangulia hakuna aliyevuka wa nne. Kwa hiyo nakaa kama yai. Tumehamia kijiji kipya, nyumba ina kuta na paa nusu, na wakati wa mvua tunahamisha kitanda kufuata paa. Kasiani anakwenda darasa la watu wazima kila alasiri. Wiki iliyopita ameandika jina lake kwa mkaa kwenye mlango, na siku hizi kila karatasi anayoiona anataka aisome mwenyewe, hata ya kufungia sukari.

Mbona Adelina haniandikii? Tangu Noeli sijaona mwandiko wake. Mwambie nimekasirika, lakini siyo sana.

Dada yenu,
Rosalia


Keko, Dar es Salaam
6 Machi 1974

Shemeji Rosalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Nimefanya yote uliyosema. Nilikwenda Kariakoo na nyanya mbili. Muuzaji wa kwanza alikataa, wa pili alikubali na kisu chake kikaiponda. Ndipo nikakumbuka nina msumeno wangu wa zamani uliovunjika, chuma cheusi kizuri. Nikaupeleka Gerezani kwa Fakihi, mfua vyuma anayenitengenezea patasi. Nikamchorea kwenye ubao kile ulichonieleza, tumbo la makali, upana wa vidole vitatu, mkia wa chuma unaofika mwisho wa mpini. Akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia shemeji yangu. Akasema huyo shemeji aje afue mwenyewe. Lakini amefanya kazi nzuri. Mpini nimeuchonga mimi, mninga, misumari mitatu ya shaba.

Mkono wa Adelina niliupima kwa uzi akiwa amelala. Ni mdogo kuliko nilivyokuwa nakumbuka.

Naomba unisaidie na mambo mengine. Mchicha nikishaukata, nifanyeje uwe laini kabisa, usikwame kooni? Niukate kabla ya kuuchemsha au baadaye? Supu ya mifupa ichemke muda gani mpaka itoe nguvu yote? Uji, huu unga wa njano wa mahindi tunaoupangia foleni unatoka na chenga, nichunge na nini? Na kuku, sehemu gani ni laini kuliko zote ukiikata ndogondogo? Jirani kaniambia maini. Ni kweli?

Adelina ana kazi nyingi za kufuma vitambaa, ndiyo maana haandiki. Anasema ukae kitako, usiinue kitu kizito.

Shemeji yako,
Alfonsi


Misheni, karibu na Masasi
21 Machi 1974

Alfonsi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sasa na mimi nina swali. Nani anakula?

Supu ya mifupa. Uji mwepesi usio na chenga. Mboga laini. Maini ya kuku. Mie nimesimama jikoni miaka kumi na tano, chakula naweza kukuambia kinakwenda kwa nani kabla hakijapakuliwa. Hicho ni cha mwanamke aliyetoka kujifungua.

Dada yangu hana mtoto. Miaka kumi na moja mko ndani ya nyumba moja na hana. Na mume aliyekuwa hajui hata chumvi inakaa wapi leo anachunga uji.

Kwanza nilidhani anaumwa. Nikajiambia hapana, angekuwa anaumwa ungesema. Nani anamficha dada mtu ugonjwa wa mdogo wake? Tena mimi niliyembeba mgongoni tangu mama alipotuacha? Mgonjwa hafichwi. Kinachofichwa ni kingine.

Umeniomba nisimwambie habari za kisu. Umenitumia mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikuchagulie kisu cha nyumba ya pili.

Adelina aniandikie. Nataka kusikia kutoka kwake.

Maswali yako nitayajibu, kwa sababu aliyejifungua hana kosa kuwa na njaa. Mchicha chambua majani matupu, tupa mashina. Yakunje pamoja kama mkeka, kata mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, chemsha kidogo, halafu urudie kukata ukiwa umeiva. Ule wa mara ya pili ndio unaokuwa laini. Mifupa tangu asubuhi mpaka alasiri, moto mdogo. Uji chunga kwa kitambaa cha khanga kuukuu kilichofuliwa. Maini ni kweli.

Rosalia


Keko, Dar es Salaam
3 Aprili 1974

Dada yangu mpenzi Rosalia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Jamani Dada, umemwonea shemeji yako! Amekuja na barua yako kaishika kama kaletewa hati ya polisi. Kisu ni changu. Supu ni yangu. Nilipata mafua mabaya baada ya Noeli yakanishika koo, ndiyo maana nakula vitu laini, sasa nimepona kabisa na nimenenepa, ukiniona hutanijua.

Hebu nikuchekeshe. Anakishika kisu kama patasi! Siku ya kwanza alitoa penseli sikioni akapiga mistari juu ya karoti. Kweli tupu. Alipima, akapiga mstari, ndipo akakata. Nikamwambia, "Alfonsi, hiyo siyo mbao." Akasema, "Ikikatwa ovyo inakwama." Lakini mchicha wake sasa ni mwembamba kuliko wa kwangu mie. Kila alasiri akitoka kazini ananawa vumbi la mbao, anakaa kwenye kigoda, anakata.

Hakuna mwanamke mwingine, Dada. Yuko mmoja tu, na huyo mmoja anakula vizuri.

Wewe lala. Usiinue ndoo. Usisafiri hata ukiitwa na nani. Ukishajifungua salama nitakuja mwenyewe kukupikia, na kisu hicho nitakuja nacho.

Mdogo wako akupendaye,
Adelina


Misheni, karibu na Masasi
14 Aprili 1974

Adelina, kama barua hii itakufikia wewe.

Mwandiko si wako.

Nilikufundisha mimi kuandika. Nilikushika mkono nikauzungusha. A yako ina mguu mmoja mfupi mpaka leo kwa sababu ulijifunzia ubao ukiwa juu ya goti. Huyu aliyeandika amejitahidi, A za mwanzo amezikata mguu, lakini katikati amechoka akaandika zake. Ni mwandiko wa mwanamke. Na maneno si yako. Wewe hukuwahi kuniita dada yangu mpenzi, wala husemi "hebu nikuchekeshe". Hayo ni ya mtu wa pwani.

Basi nimekwisha kumjua. Yuko humo ndani. Anashika kalamu yako, na kisu chako, na mume wako, na wewe umekaa unamtungia maneno au hata hujui kwamba ameandika.

Kama hujui, sasa unajua. Panda basi uje. Nyumba yetu haina paa zima lakini ina nafasi yako.

Kama unajua na unawafichia, sitaki. Nimeuchoka uvumilivu wako, Adelina. Watu wamekusema miaka kumi na moja kwa kukosa mtoto, umenyamaza. Sasa unaletewa mzazi ndani ya nyumba na unampikia. Usiniandikie tena mpaka utakapokuwa tayari kuniambia kweli, kwa mkono wako mwenyewe.

Rosalia


Keko
6 Mei 1974

Kwa mwanyumba Kasiani.

Shikamoo.

Nimeandika kwa herufi kubwa. Rosalia kasema sasa unasoma. Soma hii peke yako.

Adelina amefariki. Ni tarehe mbili Mei, asubuhi. Aliumwa koo tangu Desemba. Tumemzika Chang'ombe.

Yeye alitaka Rosalia asijue mpaka ajifungue. Aliogopa atapanda basi na mimba itatoka.

Naomba usimwambie sasa. Mtoto akizaliwa salama, mwambie pole pole. Mimi nitaandika yote.

Sikutuma simu ya maandishi, maana ingeletwa mkononi mwake. Barabara imekatika Rufiji. Barua hii inakuja kwa meli mpaka Mtwara.

Nisamehe kwa mzigo huu.

Alfonsi


Misheni, karibu na Masasi
9 Juni 1974

Shemeji Alfonsi,

Nakuandikia nimeegemea ukuta. Mtoto amelala. Ni wa kiume, alizaliwa tarehe 29 Mei, ni mzima, ananyonya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo alilolitaka yeye.

Nataka ujue nilivyopata habari, usimlaumu Kasiani.

Barua ilifika tarehe 20. Mtu wa kijiji alimpa Kasiani shambani, akaona jina lake juu ya bahasha. Hajawahi kupata barua maisha yake yote. Alirudi nayo nyumbani akitembea kama mwenyekiti. Mimi nilikuwa ndani, nimelala. Nikamsikia anasema, "Leo mtu kaniandikia mimi." Nikamwambia ilete nikusomee. Akasema, "Kaa hukohuko, imeandikwa nisome peke yangu." Akakaa nyuma ya ukuta, kwenye kinu.

Lakini Kasiani hajui kusoma kimya. Darasani kwao wanasoma kwa sauti, wote pamoja, kipande kwa kipande. Nikamsikia: "A. De. A-de. Li. Na. Adelina." Akafurahi. Akanipigia kelele, "Ni habari za Adelina!" Nikamwambia endelea basi. Akasema, "A. Me. Ame. Fa. Amefa." Akarudia. "Ri. Ki. Amefa-ri-ki."

Alilisoma neno lote kabla hajalielewa. Mimi nilikuwa nimekwisha kulielewa. Nikasikia kinu kinaanguka. Nikamwita. Alipoingia alikuwa ameificha karatasi ndani ya shati, na uso wake, Alfonsi, sitausahau. Akasema, "Anawasalimu." Nikamwambia, "Kasiani, nimesikia." Akapiga magoti pale mlangoni akalia kuliko mimi. Mimi sikulia. Nilishika tumbo kwa mikono miwili nikamwambia mtoto kaa, kaa, kaa. Mpaka usiku ule ukapita na siku nane nyingine zikapita. Nimelia baada ya kusikia sauti ya mtoto.

Koo. Supu, uji, mchicha wa kukata mara mbili. Nilikuwa na kila kitu mkononi. Nikakupa mapishi yake kwa matusi.

Sasa nina swali moja tu, nalo nakuomba usinijibu kwa huruma. Umenidanganya tangu Februari. Nimeelewa kwa nini, sikuhukumu. Ila hili usinidanganye. Ile barua yangu ya Aprili, ilimfikia? Alisomewa? Alisema nini?

Na nani aliyeandika ile ya kwake?

Rosalia


Keko, Dar es Salaam
30 Juni 1974

Shemeji Rosalia,

Shikamoo. Tumemshukuru Mungu kwa mtoto.

Umesema nisikujibu kwa huruma. Nimekaa na barua yako wiki nzima. Nitakuambia kama ilivyokuwa.

Aliyeandika ni Somoe, jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane mwenye miaka hamsini, mtu wa Kisiju. Ndiye aliyekuwa anamgeuza na kumwogesha nikiwa kazini. Adelina hakuweza tena kushika kalamu, vidole vilikuwa vinatetemeka. Alimtamkia, na akamwonyesha ile A ya mguu mfupi, akamwambia uandike hivi, dada yangu ana macho. Walicheka sana siku ile. Habari ya penseli na karoti ni kweli.

Hospitali kubwa walituambia Desemba kwamba uvimbe wa koo haukatiki, umekwisha kushuka chini. Tangu siku ile alichoweza kumeza ni kitu laini tu. Kijani alikipenda, lakini nilivyokuwa nakata kwa kile kisu cha zamani vilibaki vipande, vikawa vinamsonga, naye alikuwa ananificha anavitema kwenye kitambaa ili nisijisikie vibaya. Siku nilipokiona kile kitambaa ndiyo siku niliyokwenda Kariakoo. Baada ya kisu kupatikana, na wewe ukaniambia nikate mara mbili, alikula vijiko vinane. Nilivihesabu. Akasema, "Hii ni ya Rosalia." Sikuwa nimemwambia nimekuuliza wewe. Alikutambua kwenye mchicha. Mpaka katikati ya Aprili alikula. Lile jambo ulilolifanya lilimfikia, na nakuapia hayo si maneno ya kukupoza.

Sasa barua yako. Ilifika tarehe 24 Aprili. Mimi nilikuwa kazini. Somoe aliifungua akaanza kusoma, alipofika katikati akataka kuikunja. Adelina akamwambia malizia. Akamaliza. Akamwambia rudia. Akarudia. Somoe anasema alilia, lakini alikuwa anatabasamu pia, akasema kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, "Umeona anavyonipigania?"

Niliporudi alikuwa amekaa, ameegemea mto, amevaa khanga safi. Akaniambia, "Alfonsi, mwandikie kweli."

Nikasema, "Na mimba?"

Akasema, "Ina miezi saba na nusu, mtoto sasa ana nguvu. Nenda posta kesho umpigie simu ya maandishi. Sasa namtaka. Nilidhani nitaweza bila yeye, siwezi."

Nikasema ndiyo.

Shemeji, hapa ndipo ulipo ukweli, na si pengine. Kesho yake sikwenda posta. Niliamka, nikapita mbele ya mlango wa posta nikiwa na shilingi mkononi, nikaenda Gerezani kununua misumari. Jioni akauliza, "Umepiga?" Nikasema nimepiga. Siku ya tatu akauliza, "Amejibu?" Nikasema simu za kusini zinachelewa. Siku ya nne, ya tano, hivyo hivyo. Kila mlango ukigongwa alikuwa anageuza macho. Siku ya sita, tarehe 30, aliacha kuuliza. Tarehe mbili, saa mbili asubuhi, Somoe akiwa anachemsha maji na mimi nimemshika mgongo, akaondoka.

Nimewaambia watu wote kwamba nilihofia mimba yako. Hata wewe ungeniamini, na Kasiani nimemwandikia hivyo. Si kweli. Niliogopa nikikuita wewe itakuwa maana yake anakufa. Mradi hujui, nilikuwa najiona bado nina mgonjwa wa kukatia mchicha. Ndiyo sababu yote. Sina nyingine nzuri kuliko hiyo.

Mabasi yalipita Rufiji mpaka tarehe 29. Nimekwenda kuuliza baadaye, sijui kwa nini nilikwenda kuuliza. Ungepata simu tarehe 25 ungefika 27 au 28. Alikuwa bado anasema.

Alikufa akidhani umeitwa na hukuja. Hilo nimelifanya mimi. Barua yako haikumuua na wala haikumvunja moyo. Wewe hukufanya kitu. Ukitaka kumchukia mtu, nipo.

Alfonsi


Misheni, karibu na Masasi
4 Agosti 1974

Alfonsi,

Nimekuandikia mara tatu nikachana. Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili nilikuwa nimekusamehe, nikaisoma asubuhi nikaona ni uongo. Ya tatu sikuimaliza, mtoto alilia.

Kasiani ameniuliza umeandika nini. Nimemsomea yote. Akasema, "Mimi nilisema anawasalimu." Sijui alikusudia nini. Labda alikuwa anakutetea.

Naona unavyopita mbele ya mlango wa posta. Naona pia dada yangu anavyogeuza macho mlango ukigongwa. Siwezi kuviangalia vyote viwili kwa wakati mmoja. Nikitazama hiki, kile kinanikimbia. Wiki hii nimeangalia macho yake zaidi.

Barabara ni kavu. Naja na basi la Alhamisi tarehe 22, nitakuja na mtoto kwa sababu bado ananyonya. Nitafikia kwa Somoe, siyo kwako. Mwambie aniwekee mkeka, na mwambie kwamba nilimwandika vibaya bila kumjua, nitamwomba radhi kwa mdomo. Nataka anieleze alivyomwogesha. Nataka anieleze siku zote, moja moja.

Ijumaa asubuhi utanipeleka makaburini. Utanionyesha ni lipi, halafu utarudi nyuma mpaka barabarani, utamshika mtoto, utaniacha. Nitakaa kadiri nitakavyokaa. Usinifuate.

Jumamosi tutaona.

Rosalia